Commer au Mack B-61? Kuchagua lori kuukuu la barabara za Australia

Mtu anayetaka kununua na kufufua lori la zamani nchini Australia hukutana mapema na majina mawili ambayo madereva wazee wa huko hawachoki kuyataja: Commer ya Uingereza, ile iliyofungwa injini ya TS3, na Mack B-61 ya Marekani. Makala haya yanayaweka malori hayo mawili ubavu kwa ubavu, na kugusa kwa ufupi mengine matatu, kwa ajili ya msomaji anayeishi huko au mwenye ndugu huko ambaye anafikiria kutumia fedha zake na jioni zake nyingi katika kazi hii. Waswahili wana njia yao ya kuifikia habari hii. Albury na Wodonga, miji pacha iliyo kwenye barabara kuu ya Hume, ina familia nyingi zilizotoka Kongo, na aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam akiziona Bedford zikipakiwa magunia hatapata shida kuelewa kwa nini mzee wa huko hunyamaza kusikiliza injini fulani ikipita.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Uchaguzi huu usianze na lori, uanze na barabara. Commer na Mack hazikuwa zikishindania kazi moja. Kila moja ilikuwa jibu la swali la mahali pake, na anayezilinganisha kwa nguvu za injini na bei tu atachagua vibaya hata kama hesabu yake ni sahihi.

Barabara mbili

Hume inaunganisha Sydney na Melbourne, safari ya kilomita karibu 900. Kwa miaka mingi majimbo ya Australia yalitoza malori leseni na ada nzito ili kulinda reli zake, ingawa reli yenyewe ilikuwa na kasoro kubwa: upana wa njia ya New South Wales ulitofautiana na ule wa Victoria, hivyo shehena ililazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa mjini Albury. Njia ya upana mmoja haikufika Melbourne hadi 1962. Wafanyabiashara wenye malori walikwenda mahakamani wakitegemea kifungu cha 92 cha katiba, kinachosema kwamba biashara kati ya majimbo iwe huru kabisa, na mwaka 1954 Baraza la Faragha (Privy Council) mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa wakati ule, liliamua kwa upande wao katika kesi ya Hughes and Vale dhidi ya New South Wales. Mlango ulifunguka kwa ghafla. Mtu yeyote aliyeweza kupata lori kwa mkopo alikuwa huru kubeba mzigo kuvuka mpaka wa jimbo, na maelfu walifanya hivyo. Majimbo yalijibu kwa kodi ya matengenezo ya barabara, iliyohesabiwa kwa uzito na umbali, nayo ikawa mzigo wa pili juu ya mzigo kwa robo karne.

Kaskazini mambo yalikuwa mengine kabisa. Reli kutoka kusini ilifika Alice Springs mwaka 1929 na kukomea hapo. Haikuendelea hadi Darwin mpaka 2004. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita karibu 1,500 za nchi kavu, na kila kitu kilichohitajika huko kilipaswa kupitia barabarani. Mwaka 1934 serikali ilileta Alice Springs mashine ya AEC, kampuni ya Uingereza, yenye magurudumu manane yote yakivuta, na nyuma yake matela mawili yenye magurudumu manane kila moja, iweze kupita mchangani na kwenye mito mikavu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Kurt Johannsen, fundi na msafirishaji wa Alice Springs, alinunua lori la kijeshi la Diamond T lililokuwa la kuvuta vifaru, akaliita Bertha, akajenga matela ambayo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yalikata kona pamoja ili tela la mwisho lifuate njia ileile ya kichwa. Ng'ombe ambao wachungaji waliwaswaga kwa miguu kwa wiki nyingi, wakikonda njiani, sasa walipandishwa kwenye matela na kufika sokoni na nyama yao. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kazi ya treni za barabarani, kichwa kimoja na matela mawili au matatu.

Commer ni lori la barabara ya kwanza. Mack imo katika historia ya zote mbili, lakini ni kaskazini ilikojengewa heshima ambayo haijapungua mpaka leo.

Commer na injini yake

Injini ya TS3 ilitoka mwaka uleule wa 1954. Ina silinda tatu zilizolala, na ndani ya kila silinda mna pistoni mbili zinazotazamana: zinapokaribiana hubana hewa katikati, dizeli hupuliziwa hapo, mlipuko huzisukuma zitengane, na wenzo mrefu kila upande hupeleka nguvu hiyo kwenye mtaimbo mmoja unaozunguka (krankshafti) ulio chini. Haina kichwa cha silinda wala vali. Ni injini ya mipigo miwili, kwa hiyo inahitaji pampu ya kusukuma hewa ndani na kutoa moshi nje. Kutokana na ujazo wa lita 3.26 tu ilitoa nguvu za farasi 105, jambo ambalo injini nyingi kubwa zaidi za wakati ule hazikuweza. Imefungwa chini ya sakafu ya kabini, ndiyo maana dereva alikaa mbele kabisa, na ndiyo maana aliisikia kila dakika ya safari. Waaustralia waliiita "Knocker", yaani mgongaji, na aliyewahi kusimama karibu nayo ikipanda mlima anajua kwamba jina hilo ni la haki.

Kwa nini mwenye lori mmoja wa Hume aliichagua? Ilikuwa nyepesi na ilipatikana kwa bei ambayo mkopo wa kawaida uliweza kufikia. Kila kilo iliyopungua kwenye lori ilikuwa kilo ya shehena, na shehena ndiyo iliyolipa rejesho la mwezi. Wengi waliivutisha semi-tela zenye uzito uliozidi sana ule ambao waliolisanifu walikuwa wameufikiria.

Bei ya uamuzi huo ililipwa milimani. Kupanda Razorback kusini ya Sydney, au Pretty Sally karibu na Melbourne, kulikuwa kwenda kwa mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima angeweza kuufuata. Kushuka kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa ili kufidia muda uliopotea madereva wengi walitoa gia wakaacha lori litiririke kwa uzito wake, breki zikiwa zile za miaka ya hamsini. Desturi hiyo waliita "gia ya malaika". Tarcutta, kijiji kilicho karibu katikati ya safari ambapo madereva wa Sydney na wa Melbourne walibadilishana matela ili kila mmoja arudi kwake, kina mnara wa kumbukumbu ya madereva waliokufa kazini. Anayefikiria kununua Commer aende kwanza Tarcutta, asome majina. Ninasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu lori hili linapendwa sana kwa mlio wake, na mlio pekee hauelezi lilimgharimu nani.

Kwa mnunuzi wa leo Commer ina faida tatu zilizo wazi. Ni ndogo kiasi cha kuingia katika banda la kawaida la shambani. Bei yake ya kununua kwa kawaida iko chini ya ile ya malori ya Kimarekani ya umri huo. Tena injini yake ina wapenzi waaminifu Uingereza, New Zealand na Australia kwenyewe, watu wanaotengeneza upya gasketi na sehemu nyingine zilizokwisha viwandani, na ambao mara nyingi humsaidia mgeni kwa ukarimu kwa sababu wanataka injini moja zaidi iwe hai. Udhaifu wake ni kabini: bati lake lilioza, na Commer nyingi ziliachwa nje mashambani mpaka sakafu ikaisha. Pia fundi asiyeijua TS3 ni hatari kwake. Mtu aliyezoea injini za mipigo minne atatafuta vitu ambavyo havimo, na ataacha kupima vile vinavyopaswa kupimwa, hasa uchakavu wa wenzo na pini zake na hali ya pampu ya hewa.

Mack B-61

Mack ilitengeneza familia ya B kuanzia 1953 hadi 1966. B-61 ndiyo iliyojulikana zaidi kwa masafa marefu: pua ndefu yenye mabega ya mviringo, mbwa wa chuma, nembo ya Mack, juu yake, na injini ya dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa lita 11, iliyotoa farasi 170 bila turbo na 205 ikiwa na turbo. Kampuni ilianzisha tawi lake la Australia mwaka 1963 na kuunganisha malori mjini Brisbane, na kuanzia hapo msafirishaji wa Queensland au wa kaskazini hakuhitaji tena kusubiri kipuri kivuke bahari. Noel Buntine, ambaye jina lake limepewa barabara kuu moja ya kaskazini, alikuwa miongoni mwa wasafirishaji wa ng'ombe waliozifanya Mack kuwa sura ya kazi hiyo.

Tofauti kubwa kati yake na Commer iko katika falsafa ya uzito. Chasisi, ekseli, fremu ya kabini, kila kitu katika B-61 kilifanywa kizito ili kisivunjike mahali ambapo gereji ya karibu iko umbali wa siku nzima. Kwenye Hume uzito huo ulikuwa hasara kwa mtu aliyelipwa kwa tani. Kwenye njia ya ng'ombe, penye barabara ya vumbi iliyojaa mikunjo kama ya bati inayotikisa lori mpaka nati zinajifungua, ulikuwa ndio faida yenyewe.

Kuiendesha kunahitaji kujifunza upya. Giaboksi zake mashuhuri zina fimbo mbili, moja ya gia kuu na nyingine ya kuzigawa, na kulingana na aina dereva anapata gia 10, 15 au 20. Hazina sinkronaizi, yaani kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia zinapobadilishwa. Kuna hatua ambapo fimbo zote mbili zinapaswa kusogea kwa wakati mmoja, na madereva wa zamani walikuwa wakipitisha mkono mmoja ndani ya usukani ili kushika usukani na fimbo pamoja. Hilo linasifiwa sana katika masimulizi. Mimi simshauri mtu yeyote alijaribu barabarani: usukani usio na msaada wa haidroliki ukipigwa na shimo unaweza kuvunja mkono. Nguvu ya injini inatosha kwenda na magari ya leo kwenye barabara iliyonyooka ikiwa huvuti kitu, jambo ambalo Commer haiwezi, na hii ni tofauti ya kweli kwa mtu anayekusudia kuliendesha lori lake mpaka kwenye maonyesho badala ya kulibeba juu ya lori lingine.

Upande wa gharama, B-61 hudai zaidi katika kila hatua. Bei ya kununua ni kubwa kwa sababu kila mpenzi wa malori anaitaka. Tairi ni nyingi zaidi, hasa zile zenye ekseli mbili za nyuma, na tairi ndizo zinazomshangaza mnunuzi mpya kuliko injini. Kwa malipo hayo unapata lori ambalo vipuri vyake bado vinapatikana Marekani kwa wingi, mafundi wanaoijua wapo karibu kila jimbo, na thamani yake haishuki. Mtu mwenye fedha lakini asiye na muda wa kusaka sehemu moja kwa miezi atakuwa na amani zaidi na Mack. Mwenye muda, mikono mizuri na fedha za kiasi atafika mwisho wa kazi akiwa na Commer, na huenda Mack ingemmalizia fedha kabla ya kazi kwisha.

Sheria zinazobadilisha hesabu

Mambo matatu ya kisheria yanastahili kujulikana kabla ya kutoa arubuni. La kwanza ni leseni. Commer ya ekseli mbili bila tela iko katika daraja la MR, la malori ya uzito wa kati. Mack ya ekseli tatu inahitaji HR, daraja la malori mazito yasiyo na semi-tela. Ukifunga semi-tela nyuma ya yoyote kati yake unahitaji HC, daraja la malori mazito yenye semi-tela. Zaidi ya hapo, aliyefanya mtihani wake kwenye lori la otomatiki au lenye sinkronaizi huwekewa sharti katika leseni, na sharti hilo linamzuia kuendesha giaboksi kama ya Mack mpaka afanye mtihani mwingine.

La pili ni usajili. Majimbo yana utaratibu wa bei nafuu kwa magari ya kihistoria kupitia klabu: Victoria hukubali gari lililozidi miaka 25 na hutoa kitabu cha siku 45 au 90 za kuendesha kwa mwaka, wakati New South Wales huanzia miaka 30. Sharti lililo kote ni kwamba lori hilo halibebi mzigo wa kulipwa. Anayeota kulipia ukarabati kwa kubeba nyasi za jirani aondoe ndoto hiyo katika bajeti yake.

La tatu wengi hulisahau, nalo linagusa Commer zaidi kwa kuwa vipuri vyake hutoka nje. Australia imepiga marufuku asbesto kabisa tangu mwisho wa 2003, na marufuku hiyo inahusu hata gasketi na vitambaa vya breki na klachi vilivyotengenezwa zamani na kuhifadhiwa katika boksi lake la asili. Kipuri cha miaka ya sitini kilichonunuliwa Uingereza kwa furaha kinaweza kuzuiwa bandarini, na gharama za vipimo na faini zikampata mwagizaji. Agiza vilivyotengenezwa upya, na upate uthibitisho kwa maandishi kwamba havina asbesto.

Kama jibu si Commer wala Mack

Msomaji ambaye kumbukumbu anayotaka kuihifadhi ni ya miaka ya sabini ana sababu ya kutazama kwingine. Mwezi Aprili 1979 madereva wenye malori yao waliifunga Hume pale Razorback, wakipinga kodi ile ya matengenezo ya barabara na malipo yasiyotosha hata rejesho la mkopo. Vizuizi vikaenea katika majimbo mengine, na mwaka huohuo kodi ikafutwa. Kizazi hicho cha madereva kilikuwa kimekwisha kuhama Commer. Wengi walikuwa ndani ya Volvo G88, ambayo ekseli yake ya mbele ilisogezwa mbele zaidi ya ile ya F88, aina ya kawaida ya lori hilo, ili kutimiza sheria za mgawanyo wa uzito, na ambayo kabini yake iliwapa kitanda cha kweli na giaboksi yenye sinkronaizi. Nionavyo mimi, G88 ndilo lori la zamani linaloendesheka kwa urahisi kuliko yote yaliyotajwa hapa, na halijapata heshima inayolingana na kazi liliyoifanya.

Kenworth SAR ya 1975, iliyobuniwa Bayswater karibu na Melbourne ikiwa na pua fupi ili lori na tela vitoshe katika urefu ulioruhusiwa, ni tamanio la wengi, na bei yake inaonyesha hivyo. Sina zaidi la kusema kuihusu katika ulinganisho wa mtu mwenye kipato cha kawaida.

International ya ACCO ni jambo jingine. Ilizaliwa kutokana na malori ya kijeshi yaliyotengenezwa Australia, ikaanza kuuzwa kwa raia mwaka 1961 kutoka kiwanda cha Dandenong, awali kwa jina la AACO, na jina la ACCO likaendelea kutumika kwa miongo mingi. Ilibeba nafaka, takataka, zege na maji ya kuzimia moto. Kwa sababu nyingi zilikaa katika vituo vya zimamoto vijijini au katika mabanda ya wakulima waliozitumia wakati wa mavuno tu, bado unaweza kuipata iliyotembea kidogo na ambayo haijaoza, kwa fedha kidogo kuliko zote hizi. Wapenzi wa malori huipita bila kuitazama. Kwa familia inayoanza, yenye kijana anayejifunza ufundi na isiyo na nafasi ya kupoteza akiba yake, mimi ningeiweka ya kwanza, mbele ya Commer na mbele ya Mack.

Kabla ya kutoa fedha

Nenda ukayaone malori haya yakifanya kazi, maana picha hazitoshi. Jumba la heshima la usafirishaji wa barabarani lililoko Alice Springs lina Bertha ya Johannsen na treni ya AEC ya 1934, na huko ndiko mtu huelewa ukubwa wa kazi ya kaskazini. Kwa upande wa Hume, misafara ya malori ya kale inayopita katika vipande vya barabara ya zamani, Haulin' the Hume kutoka Sydney na Crawlin' the Hume kutoka Melbourne, huleta Commer na Mack mahali pamoja na wenye nazo huzungumza bila kuficha. Waulize walichotumia kwa tairi, waliponunua vitambaa vya breki, na ni kipuri gani kiliwachelewesha kuliko vyote. Ukimpata mzee aliyeendesha aina unayoitaka kwa riziki, mwombe ruhusa ya kurekodi mazungumzo yake siku hiyohiyo.

Siku ya kununua, mwambie muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika. TS3 iliyochoka huonyesha hali yake inapowashwa ikiwa baridi: moshi mzito usiokwisha baada ya dakika chache, na mlio wa kugonga usio sawa. Kwenye B-61 sikiliza giaboksi gari likitembea, ukijaribu kila gia katika fimbo zote mbili, kisha ingia chini na taa uchunguze chasisi mahali ilipofungwa meza ya tela, yaani kile kifaa cha kuunganishia semi-tela, kwa kuwa hapo ndipo nyufa za miaka ya mizigo mizito huanzia, na chasisi iliyopasuka na kuchomelewa ovyo itagharimu kuliko kufungua injini yote. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na karatasi. Ikiwa hazilingani, hakuna klabu itakayosaini ombi lako la usajili, hata lori liwe zuri namna gani.